Fundi wa Dirisha Jeusi

Sina video yake hata moja. Mimi ninayejisifu kwamba siku moja nitatengeneza filamu, mimi niliyerekodi harusi za watu nisiowajua mpaka keki yao ikaisha, sina hata sekunde kumi za Papa Fundi. Ukimwelekezea simu aliinua kiganja kama mtu anayekinga jua, akasema, "Tafuta wenye sura, mutoto. Mi niko muntu wa nyuma ya pazia." Basi nimebaki na maneno, na maneno sikuyasomea. Nilichosomea ni kuogesha wazee bila kuwatia aibu, cheti cha miezi michache, na kabla yake shule ya kambi ya wakimbizi ambako kitabu kimoja kilisomwa na vichwa vinne. Mnivumilie.

Jina lake ninalijua, ila halikutumika. Kuanzia Granville hadi Fairfield, mitaa yetu ya huku ughaibuni, mtu yeyote mwenye Kiswahili mdomoni, awe Mkongo kama sisi, Mrundi, au muuguzi wa Kikenya anayekusalimia "sasa" na kupita, alimwita Papa Fundi. Mgeni alidhani ni fundi wa mabomba. Kumbe kazi yake ilikuwa kugeuza video. Shangazi yako yuko Uvira, umemtumia harusi ya mwanao, na simu yake inamwonyesha mraba mweusi na maneno ya kukataa. Unampelekea Papa Fundi. Anaigeuza kutoka aina hii kwenda aina ile, na siku chache baadaye shangazi anapiga simu analalamika kwamba bibi harusi amekonda.

Siku za juma alikuwa ghalani Lidcombe, akipanga maboksi. Jumamosi ilikuwa ya video, katika chumba cha nyuma ya nyumba ya mwanawe, Granville, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita kikombe kilitembea chenyewe mezani. Alikuwa hakishiki. Alikiacha kitembee, akakirudisha treni ikiisha, bila kukatiza sentensi.

Watu wengine wanageuza video kwa programu zenye vitufe vya rangi. Papa Fundi alikuwa na dirisha jeusi tu kwenye kompyuta, na ndani yake herufi nyeupe kubwa kama biskuti, kwa sababu macho yake yalikuwa yanafifia taratibu. Presha ya macho, daktari alisema. Hakugusa kipanya. Aliandika mstari mmoja wa amri, akausogelea kwa pua, akausoma kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma barua ya serikali, ndipo akabonyeza. Baada ya hapo zilishuka namba, namba tupu, na wateja waliokuja wakitarajia kuona sinema walisikitika.

"Papa, mbona siioni video yenyewe?"

"Ju ya nini uione? Mupishi anafunika sufuria."

Sufuria ndiyo ilikuwa dini yake. Nilimsikia akiieleza mara nyingi hivi kwamba ningeweza kuihubiri. Video, alisema, si kitu kimoja. Ni sufuria. Ndani yake kuna picha, kuna sauti, mara nyingine sauti mbili, kuna maandishi. Simu ikikataa video, watu wanakimbilia kupika upya. Makosa. Kwanza uliza: imekataa chakula, au imekataa sufuria? Mara nyingi imekataa sufuria tu. Basi unaandika *copy*, na chakula kinahamishwa kama kilivyo kwenda sufuria nyingine, wali haukuguswa na mwiko. Ukipika upya chakula kilichoiva, kila safari ladha inapungua.

Ndiyo maana alizichukia video zilizozunguka kwenye simu za watu. Alikuwa akiangalia namba zake, anaguna. "Hii imepikwa mara ngapi? Hii ni uji wa uji."

Kuhamisha sufuria hakuchukui muda. Harusi ya saa tatu inaisha kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Na hapo ndipo alipopata tabu na bwana harusi mmoja, kijana wa Auburn, aliyeleta video yake, akageuka kuweka koti, akaambiwa tayari.

"Tayari vipi?"

"Tayari. Chukua."

Kijana akasimama na ile flashi mkononi kama mtu aliyepewa soda ya moto. "Papa, mimi sina haraka. Ifanyie tu vizuri."

"Iko vizuri."

"Nitarudi wiki ijayo. Fanya kwa nafasi yako."

Tangu siku hiyo Papa Fundi hakumpa mtu kazi yake papo hapo. Aliimaliza kwa dakika moja, akaiweka kwenye droo, akakwambia uje Jumamosi. "Bantu hawaamini kazi yenye haichelewi," aliniambia. Yeye, ambaye hakuwahi kumdanganya mtu yeyote kuhusu jambo lolote, alikuwa na droo nzima ya uongo.

Sasa niseme jambo langu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilimwogopa mtu niliyempenda.

Mama yangu alikuwa kiongozi wa kwaya. Tangu kambini. Huko kambini alitunga wimbo, beti mbili na kiitikio, ambao hakuuandika popote kwa sababu hajui kuandika noti na karatasi zilikuwa za kufungia chumvi. Kila alipouimba aliuimba mwenyewe. Kwaya iliitikia tu. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Ugonjwa umetoka, tunamshukuru Mungu, lakini sauti haikurudi naye kutoka hospitali. Sasa ananong'ona. Maneno ya wimbo ninayakumbuka yote. Tuni siwezi. Ubeti wa pili una kona fulani, sauti inashuka halafu inapanda pasipo mtu kutegemea, na kila nikijaribu naangukia kwenye nyimbo nyingine.

Pasaka iliyotangulia upasuaji, mama alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akauimba ule wimbo wote. Nami nilirekodi. Kanisa letu linarekodi sauti mbili katika video moja: ya kwanza ni maikrofoni ya mimbarini, Kiswahili, ya pili ni ya Sista Mkalimani, muuguzi wa Kikenya anayekaa kwenye kona na kutafsiri kwa Kiingereza, kwa ajili ya watoto wetu wanaodai kuelewa Kiswahili chote lakini hawakijibu. Watoto wanavaa vifaa vya masikioni, wanatulia.

Kompyuta ya kanisa ilijaa. Mimi ndiye niliyekabidhiwa. Nikataka kuigeuza ile ya Pasaka iwe ndogo, niiweke kwenye simu ya mama, kisha nifute ile kubwa. Papa Fundi alikuwa ameniruhusu kunakili amri zake kutoka kwenye daftari lake la shule, lenye mistari, alimoandika kila kitu kwa kalamu ya bluu. Nikaukuta mstari ninaoutaka. Katikati yake paliandikwa *-map 0*.

Mimi Kiingereza changu ni cha kazini. Map ni ramani. Nikajiambia, ramani ya nini, mimi sijapotea. Nikairuka.

Video ikatoka, ndogo, nzuri. Nikaiangalia nikiwa kazini, wakati wa chai, bila sauti kwa sababu mzee mmoja alikuwa amesinzia karibu. Mama anaonekana, kitambaa chake cha kichwa kimekaa sawa, machozi kidogo. Nikaifuta ile kubwa. Siku ya tatu nikafungua sauti. Mama yangu anafungua mdomo, anatoka Sista Mkalimani.

Kiingereza cha Eldoret, safi, cha haraka, kutoka kwenye mdomo wa mama. Na mama alipoanza kuimba, Sista Mkalimani hakuimba. Alieleza. Alieleza kwamba mzigo sasa umebebwa, akanyamaza kidogo, akaeleza kwamba umebebwa tena. Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikaacha kucheka, nikatafuta kwenye pipa la kompyuta, na pipa nilikuwa nimeshalimwaga.

Baadaye nilielewa. Usipoiandikia *-map 0*, yaani "beba vyote vilivyomo", ile programu inachagua yenyewe sauti moja tu, ile iliyojaa zaidi. Kiingereza kilirekodiwa pande mbili, kushoto na kulia. Kiswahili kilirekodiwa upande mmoja. Ikachagua kilichojaa. Haikukosea. Haikuniuliza tu.

Kwa nini sikwenda kwa Papa Fundi siku hiyohiyo? Kwa sababu alikuwa na dhambi moja asiyoisamehe. Video ya kwanza kabisa, iliyotoka kwenye kamera, aliiita orijino, na alisema, "Orijino haifutwi mpaka umesikia ile mpya mwanzo mpaka mwisho, na masikio, hapana na macho." Niliwahi kumwona akimrudisha mtu mzima getini, baba wa watoto watano, kwa kosa hilo. Nami nilikuwa mwanafunzi wake, tena alinisifia mbele za watu. Kwa hiyo nikanyamaza. Mama aliponong'ona, "Ile ya Pasaka iko wapi?" nikajibu, "Bado iko kwa Papa Fundi, anaigeuza." Na kila Jumapili, baada ya ibada, nilisimama katikati yao wawili kama polisi wa barabarani, nikimwelekeza mama kwenye chai na Papa Fundi kwenye gari la mwanawe.

Msidhani alikuwa mtu mkali. Alikuwa na uvumilivu mwingi, ila wote aliumalizia kwa mashine. Amri ikikataa, alirudia herufi moja moja, akiomba radhi kwa Kifaransa. Mtu akikosea, alitoka nje kuvuta hewa. Alihubiri kutopika upya, halafu sombe ya Jumapili, kisamvu chetu, aliipasha moto mpaka Alhamisi, akisema ya Alhamisi ndiyo tamu. Hakuamini kuweka video kwenye mtandao, kwenye hilo wanaloliita wingu: "Wingu? Wingu linanyesha." Lakini pini yake ya benki ilikuwa imeandikwa kwa wino kwenye ukingo wa meza, mbele ya kila mteja. Alihesabu picha ishirini na tano katika kila sekunde, na hakuwahi kufika kanisani kabla ya mahubiri.

Na alijua kukosea pia, tena kwa kiwango cha jamii nzima.

Hii ya Kiswidi inajulikana mpaka Wollongong, lakini nitaisimulia kwa sababu wengi wanaisimulia vibaya. Papa Fundi alikuwa akiumia kwamba televisheni za watu zilionyesha sauti zetu kama "ya kwanza" na "ya pili", hazina jina. Akagundua kwamba unaweza kuibandikia kila sauti lebo ya lugha, herufi tatu. Kiingereza *eng*. Kifaransa *fre*. Akatafuta Kiswahili kwenye orodha ndefu, pua ikigusa kioo, akaona *swe*. Akaona inaingia akilini. Kwa miezi mingi kila harusi, kila msiba, kila ubatizo uliotoka kwenye chumba kile uliandikwa *swe*, na kila televisheni kuanzia Granville hadi Fairfield ikaandika chini ya picha kwamba mchungaji wetu anahubiri kwa Kiswidi.

Wakubwa hawakuona, kwa sababu wakubwa hawasomi chini ya picha. Watoto waliona. Wakaanza kusema bibi anaongea Swedish. Mwanzoni ilikuwa utani. Mjukuu wa Papa Fundi mwenyewe, binti wa miaka tisa, hakujua kuwa ni utani. Shuleni wakampa fomu: nyumbani mnaongea lugha gani? Akaandika.

Siku ya wazazi kuzungumza na walimu, mwanawe alikuwa zamu, akaenda babu. Mwalimu akamkaribisha kwa heshima, akamwekea simu mezani, na kwenye simu kulikuwa na mkalimani, mama mmoja mwenye sauti ya upole. Akaanza kuongea. Papa Fundi akasikiliza. Alinisimulia mwenyewe:

"Nikasema labda ni Kiswahili ya Comoro. Nikangoja. Nikasema labda anasali kwanza."

"Ukafanyaje, Papa?"

"Nikamujibu na Kifaransa, ju ya adabu. Yeye akanyamaza. Mwalimu akauliza kama kuna tatizo. Mutoto yetu, akiwa kando yangu pale, anasema na Kiingereza yake: *It's okay, Miss, he only speaks church Swedish.* Ati mi najua tu Kiswidi ya kanisa."

Alicheka kwa hilo kwa mwaka mzima. Lakini alizirudia video zote. Alipiga simu nyumba kwa nyumba, akaomba flashi zirudishwe, akabadilisha *swe* kuwa *swa*, sufuria ileile, chakula kilekile, lebo tu. Nilimwambia, "Papa, nani atajali? Herufi moja." Akageuza kiti kunitazama, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, kwa sababu kunitazama kulikuwa kazi kwa macho yake.

"Siku moja huyu mutoto atatafuta lugha ya babu yake kwa hii mashine. Ataandika Swahili. Mashine itamwambia hakuna kintu."

Nilikuwa nimekaa na simu mfukoni, ndani yake mama yangu akiongea Kiingereza.

Kilichonisukuma ni tangazo. Jumapili moja mwanawe alisimama kanisani akasema kwamba baba anahamia Adelaide kwa binti yake, ambaye ni muuguzi na ataweza kumwangalia, kwa sababu sasa jicho la kushoto limefunga kabisa. Watu wakaguna kwa huruma. Mama yangu, aliyekaa kando yangu, akanivuta mkono, akanong'ona, "Basi ichukue video yangu kwake kabla hajaondoka. Au nitamwomba mwenyewe."

Jumamosi nikaenda na bakuli la sombe na samaki wakavu. Sikukaa.

"Papa, nimefuta orijino."

"Ya nani?"

"Ya mama. Ya Pasaka. Iliyobaki ina Kiingereza tu."

Hakutoka nje kuvuta hewa. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Uliacha nini kwa mustari?"

"Map sifuri."

"Ju ya nini uliiacha?"

"Nilidhani ni ramani. Nikaona sijapotea."

Kwanza mabega yake yakaanza, halafu tumbo. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye huku nalia. Alipotulia akauliza, "Siku hizi zote unajua, na ulinyamaza?"

"Niliogopa. Wewe ndiye ulisema orijino haifutwi."

"Nilisema hivyo ju nilifuta. Nilifuta mingi, mutoto. Ya bantu na ya kwangu. Unadhani sheria inatoka wapi, mbinguni?"

Akasimama, akaanza kufungua maboksi aliyokwisha kuyafunga kwa safari. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua kwa miaka yote ile: kila Jumapili, akichelewa, alikuwa anakwenda moja kwa moja nyuma kwenye meza ya vyombo vya sauti, anachomeka kinasa sauti kidogo kwenye waya wa mimbarini, na kuchukua Kiswahili peke yake. Alikuwa akiziweka sauti hizo kwenye simu ndogo za bibi wa Fairfield, wale ambao macho yao yamekwisha kuliko yake na video haiwasaidii kitu. Sauti tupu. Alizipanga kwa jina la sikukuu.

Flashi ya Pasaka ilikuwa kwenye kisanduku cha majani ya chai. Akaichomeka. Ikatoka kelele ya viti, kikohozi cha mtu, halafu mama. Mama mwenyewe, na sauti yake nene ile, akisema, "Bwana asifiwe sana." Nilikaa chini, sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa na maboksi.

"Bado," Papa Fundi akasema. "Sauti haina mudomo. Tuko na kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Video yangu ilikuwa na mdomo wa mama bila sauti yake. Kinasa kilikuwa na sauti bila mdomo, na hakikuanza wakati mmoja na kamera. Ilibidi tuisogeze sauti mbele au nyuma mpaka ikae mdomoni. Yeye hakuweza kuona mdomo. Mimi sikuweza kusikia tofauti ndogo. Basi tukagawana mama: yeye akachukua masikio, mimi nikachukua macho.

"Anapofungua kusema 'Bwana', nambie."

"Sasa."

"Mi nasikia 'Bwana' imeshapita. Naichelewesha sekunde mbili." Akaandika, akasogea na pua, akasoma, akabonyeza. "Sasa?"

"Bado kidogo. Mdomo unafika kabla."

"Kidogo ngapi? Muntu akipiga makofi mara moja, ama nusu?"

"Nusu."

Tukaenda hivyo, makofi na nusu makofi, treni zikipita, kikombe kikitembea. Nikashangilia ushuhuda ulipokaa sawa. Akasema tusubiri mwisho. Na kweli, tulipofika kwenye wimbo, ubeti wa kwanza mdomo na sauti viliachana kidogo, na kwenye ubeti wa pili vikaachana zaidi, kama watu wawili wanaotembea pamoja na mmoja ana haraka. Nilidhani nimeharibu tena.

"Hujaharibu. Saa mbili hazitembei sawa hata siku moja," akasema. "Kamera iko na saa yake, kinasa iko na yake. Tutamuvuta huyu wa haraka, polepole, mwanzo mpaka mwisho, hata mama mwenyewe asijue."

Akaandika namba yenye sifuri nyingi baada ya nukta. Tukasikiliza yote, kuanzia viti na kikohozi. Kwenye ile kona ya ubeti wa pili, pale ambapo sauti inashuka halafu inapanda, niliona midomo ya mama ikibana kabla ya kupanda, na sauti ikapanda hapohapo. Papa Fundi alikuwa amefumba macho yote mawili.

"Nambie," akasema.

"Hapo."

"Hakika?"

"Hapo, Papa."

Akaandika mstari wa mwisho, Kiswahili mbele, Kiingereza cha Sista Mkalimani nyuma, kwa ajili ya watoto. Kisha akanifukuza. "Kesho kutwa uje na mama. Usimutumie kwa simu. Asikie hapa, kwa spika nzuri, kabla sijazifunga."

Nilikuja naye Jumatatu, siku yangu ya mapumziko; Papa Fundi alikuwa ameshaacha kazi ya ghala. Chumba kilikuwa kimebaki meza, kompyuta, spika mbili na viti viwili, kwa hiyo mimi nikasimama mlangoni. Nilikuwa nimeshamweleza mama kila kitu njiani, kwenye treni, ramani na yote, na alinipiga kibao kidogo cha mkono, kisha akanishika mkono kwa kiganja kilekile alichonipigia.

Papa Fundi alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu, Mama Kiongozi. Kaa karibu na hii spika. Ile ingine imezeeka kama mimi."

Akabonyeza. Mama aliutazama uso wake kwenye skrini akiwa amekunja mikono, kama anavyomtazama mwanakwaya mpya. Ushuhuda ukapita. Wimbo ukaanza. Kwenye kiitikio midomo yake ikawa inakwenda, hapa chumbani na pale kwenye skrini, pamoja, ila hapa hakukutoka kitu. Ubeti wa pili ukashuka, ukapanda. Ukaisha. Watu wa kwenye skrini wakapiga makofi, na Papa Fundi akauzima.

Mama akamgeukia, akamwinamia, akasema neno. Wakati huohuo treni ya Parramatta ikapita, chumba kizima kikatetemeka, na mimi sikusikia hata herufi moja. Nikafungua mdomo kusema kile ambacho sisi sote tumekuwa tukimwambia tangu hospitali, mimi, daktari, mchungaji, wajukuu: rudia, mama, umesemaje?

Papa Fundi alikuwa ameshajibu.

"Ni kweli, Mama. Ubeti wa pili uliuanza juu, nusu sauti. Lakini ulishusha mbele ya kiitikio. Bantu hawakusikia."

Mama akacheka, ule mcheko wake wa sasa usio na sauti, mabega tu. Akamwinamia tena, akanong'ona jambo refu. Yeye akaelekeza sikio, akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo," akasema, "Hapana, ile ilikuwa alto," akasema, "Mi najua, nilikuwepo." Treni nyingine ikaja ikapita. Hakumwambia rudia hata mara moja. Wakaendelea hivyo, wakiusahihisha ule wimbo kutoka mwanzo, na mimi nikakaa kizingitini, nikisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na kwa huo nikajua yote aliyokuwa akiyasema mama yangu.